Mbeba Chumvi Asiye na Subira

Kama umepewa majibu yako juzi na umekuja hapa kutafuta mtu wa kukwambia "jipe moyo", usinisome mimi. Nenda Chumbageni kwa Shangazi yangu Saumu, maneno hayo anayo tele na anayagawa bila kuombwa. Mimi nimepona, alhamdulillahi, nywele zimerudi, nala, nafanya kazi, na bado nina hasira. Nimekaa kuandika kwa sababu nilipokuwa mgonjwa nilitafuta mtu mmoja tu wa kunikubalia kwamba mambo haya yanaudhi, na watu wazima na akili zao hawakunikubalia. Aliyenikubalia ni mzee wa kuchorwa, mwenye pua kama bilinganya, ndani ya vitabu vya katuni vya Kijapani, vile vinavyoitwa manga. Ndiye ninayetaka umjue, maana huenda akakufaa na wewe.

Naitwa Mwanaidi. Ni msusi, saluni yetu iko Usagara, na nasuka tangu sijavunja ungo. Ukimwona mwanamke hapa Tanga ana twende kilioni zimenyooka kama zimepigwa rula, huenda ni mkono wangu. Uvimbe wa shingoni hata sikuuona mimi. Aliuona mteja kwenye kioo, akasema, "Dada Mwanaidi, hiyo shingo vipi?" Nikamwambia nimelalia vibaya, nikaendelea kusuka.

Masika yote ikaniishia kwenye mabenchi. Benchi la kwanza wakasema matezi, nikapewa vidonge. Benchi la pili wakasema huenda ni kifua kikuu, nikakohoa kwenye kikopo mpaka machozi yakanitoka. Benchi la tatu wakanikata kipande cha nyama shingoni wakaniambia nisubiri. Nikirudi, daktari ametoka, subiri. Majibu yako njiani, subiri. Kulikuwa na dada wa mapokezi aliyekuwa akisema "subiri" bila kuinua macho kwenye simu yake. Siku moja nikamtazama kichwa, rasta zimemlegea huko kisogoni, nikasema moyoni, wallahi na wewe iko siku utakuja kwenye kiti changu, nitakuvuta utajua.

Hatimaye nikaambiwa ni saratani ya tezi. Daktari alikuwa kijana, mpole, na alinieleza jambo moja nililolielewa vizuri. Dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu, katika hospitali ya rufaa ya mkoa mwingine. Ukizimaliza zote, akasema, una nafasi nzuri ya kupona kabisa. Ukikatisha katikati, ugonjwa utarudi, na ukirudi unakuwa sugu. Nikamuuliza, "Kwa hiyo kazi yangu ni kumaliza?" Akasema, "Kazi yako ni kumaliza." Nikaona basi, jambo lenyewe halina mafumbo, kumbe sijui kinachonisubiri.

Dripu ya kwanza ilikuwa nyekundu. Hakuna aliyenionya kwamba na mkojo utatoka mwekundu kama juisi ya choya. Nikapiga kelele chooni nikidhani navuja damu, na nesi akaja akacheka. "Ni rangi ya dawa tu hiyo, mama." Ni rangi ya dawa tu! Ungepungukiwa nini ukiniambia mapema? Nawaambieni nyinyi sasa: mkojo utakuwa mwekundu, msishtuke.

Kwenye dripu ya pili ndipo nilipokaa jirani na Eliza. Alikuwa mwalimu wa sekondari, Mlutheri wa Lushoto, amevaa kofia ya sufu ya kijani kufunika kipara, na alikuwa amenitangulia kwa dripu mbili. Chumba kile kila mtu ameinamisha kichwa, mwingine anatapika kwenye beseni, na huyu mwanamke anacheka peke yake. Niliona kama dharau.

"Dada, unacheka nini?"

"Namcheka huyu mzee anavyoutukana mlima," akasema. "Mimi ni wa milimani. Najua anachosema."

Akanipa kitabu. Kilikuwa kimefunikwa karatasi ya kaki kama madaftari ya shule, ualimu haukumwacha hata kwenye dripu. Nikafungua upande wa kushoto, akanishika mkono. "Usianzie huko. Vya Wajapani vinaanzia kulia, na picha unazifuata kutoka kulia."

"Kama juzuu?"

"Juzuu siijui, lakini anzia kulia."

Mtoto wa chuo cha Kurani kama mimi, kuanzia kulia si shida. Kiingereza ndicho kilichonipa tabu kidogo, lakini picha zenyewe zinasema.

Mzee anaitwa Mokubei. Kazi yake ni kubeba chumvi mgongoni kutoka pwani kupeleka kijiji kilicho juu ya mlima wenye theluji. Basi. Hadithi yote ni hiyo, safari moja, vitabu vitano. Hana upanga, hana uchawi, sura hana, mwendo wenyewe ni wa kuchechemea. Alicho nacho ni mdomo. Analalamika kutoka ukurasa wa kwanza. Anautukana mlima, anazitukana kandambili zake za majani, anayatukana magoti yake moja moja, la kulia lina jina lake na la kushoto lake. Akikasirika pua inamvimba mpaka inaziba picha nzima. Kuna ukurasa mzima, mkubwa, amekaa tu juu ya jiwe ananuna. Hakuna maneno. Nilimaliza nusu ya chupa ya dripu nikiutazama ukurasa ule, roho yangu imetulia.

Na kuna mahali anakutana na mtawa, mtu msafi, uso umenawiri, anamwambia Mokubei kwamba mateso ni mwalimu, ayapokee kwa tabasamu. Mokubei anavua mzigo, anamtwika mtawa, anamwambia, haya, tembea, tabasamu. Mtawa anakwenda hatua chache anapiga magoti. Mokubei anauchukua mzigo wake, anaendelea kupanda, anaendelea kulalamika. Hapo nilicheka kwa sauti mpaka nesi akaja kuangalia mkono kama sindano haijatoka.

Utamu wa Mokubei ndio huo. Analalamika, na hashushi mzigo. Watu wengi wanadhani ukilalamika umeshakata tamaa. Si kweli. Mimi ninavyojua, aliyekata tamaa hanuni wala hafoki, ananyamaza.

Eliza akaniazima vitabu vinne. Cha tano akakibana kwapani.

"Hiki utakipata siku ya dripu yako ya sita. Hukumaliza, huoni."

"Mwalimu, mimi ni mgonjwa."

"Na mimi ni mgonjwa. Hukumaliza, huoni."

Nilimchukia siku ile. Na nilitaka kujua kama mzee anafika.

Sasa nije nyumbani, Chumbageni. Tulikuwa watatu: mimi, Mama, na Bibi, aliyemzaa marehemu baba. Mama anakaanga vitumbua, anaondoka alfajiri kwenda kuuza. Bibi anashinda na mimi. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona kivuli na mwanga tu, ila masikio yake yanasikia anayenong'ona nyumba ya tatu. Ananiita mke mwenzangu, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu wa kike. Shangazi Saumu ni binti yake. Haishi kwetu, lakini hakuna sufuria linaloinjikwa nyumba ile bila yeye kujua.

Nywele zilianza kutoka baada ya dripu ya pili. Msusi mimi, nazizoa nywele zangu mwenyewe kwa ufagio. Vidole vikaingia ganzi, nashika sindano ya kushonea siisikii, nikajaribu kumsuka Mama mstari mmoja nikashindwa, nikatupa kitana ukutani. Mdomo ukajaa vidonda. Na ndiyo ulikuwa msimu wa machungwa ya Muheza, yamerundikwa kila kona, mtaa mzima unanuka machungwa, na mimi tone moja likigusa ulimi natoa machozi. Safari zenyewe za hospitali nilizichukia hivi: basi likifika Pongwe tu, hata dawa sijaiona, natapika. Mpaka leo nikipita Pongwe mdomo unajaa mate.

Na wageni. Kwetu mgonjwa ni wa watu wote. Wanakuja baada ya adhuhuri, baibui zinapishana mlangoni, shikamoo, marahaba, wanakaa kitandani pembeni yangu, na kila mmoja ana maiti wake wa kunisimulia. Binamu yake fulani alianza hivyohivyo shingoni, maskini, hakumaliza mwaka. Jirani wa mkwe wake, hivyohivyo. Halafu wananipapasa kichwa, "Subira, mwanangu." Nikisema inauma, "Usikufuru." Nikinyamaza, "Mashaallah, ana subira." Yaani mtu akikusifia kwa kunyamaza, anakuomba uendelee kunyamaza ili yeye asisumbuke.

Nilipata dawa ya wageni bila kuitafuta. Siku moja Bibi aliingia akanikuta nimeegemea mto, kitabu mkononi. Aliona kivuli cha karatasi na upande ninaofungulia.

"Unasoma, mke mwenzangu?"

"Nasoma, Bibi."

"Unaanzia kulia, naona."

"Ndiyo, Bibi."

"Mashaallah," akasema, sauti imelegea kwa furaha. Akatoka na kuufunga mlango. Nikamsikia ukumbini akiwaambia wageni, "Mwanaidi yuko chuoni kwake anasoma, msimkatize. Nendeni, salamu zimefika."

Wakaondoka! Mnafikiri ningemwambia nini? Tangu siku hiyo nikisikia tu viatu uani, nakifungua Kijapani changu, na Bibi analinda mlango. Nikimaliza anakipokea kwa mikono miwili, anakibusu, anakigusisha paji la uso, anakifunga pamoja na vingine ndani ya kipande cha kanga na kuviweka juu ya kabati, jirani na msahafu. Nikimwona anambusu Mokubei nilikuwa naumwa mbavu kwa kicheko, lakini sikuwa na ubavu wa kusema.

Kitabu cha tatu kina mahali paliponiingia mwilini. Mokubei amefika kijiji cha katikati ya njia, hoi, homa inamtetemesha. Wanakijiji wanamwonea huruma. Akiwa amelala wanamvua mzigo, wanaupeleka kwa kijana mwenye nguvu aurudishe pwani, wanamfunika blanketi zuri, wanamwimbia polepole. Ni watu wema. Mokubei anaamka, anapapasa mgongo, hauna kitu. Pua inavimba mpaka picha mbili. "Mzigo wangu uko wapi?" Wanamwambia, pumzika mzee, umefanya vya kutosha. Anatoka usiku uleule na blanketi lao, anateremka siku nzima kuufuata mzigo wake, na anawalaani wote kwa majina, wema wao na blanketi lao, na kila anakokanyaga analia. Nililia naye. Nilikisoma kitabu kile mara nyingi sana, na kila mara nalia, na Bibi nje ya mlango anasikia.

Bibi naye akamwambia Shangazi. "Mtoto anasoma mchana kutwa, na akisoma analia." Shangazi akaipima akaiona: msusi wa Usagara, aliyekuwa hashiki kitabu toka atoke chuoni, sasa anasoma na kulia. Maana yake anatubu, na anayetubu hivyo ameshaona safari yake.

Dripu ya nne ndiyo iliyonivunja. Nilirudi na homa, siwezi kusimama, nameza mate kwa shida. Siku zile nilikuwa nalala na kuamka bila kujua asubuhi wala jioni.

Siku moja, alasiri, nikaamshwa na harufu ya ubani. Nikasikia sauti za wanawake, nyingi, zinasoma kwa pamoja. Nikafumbua macho. Chumba kimejaa baibui, wamekaa mkekani mpaka mlangoni, na Shangazi Saumu katikati yao anaongoza. Ilikuwa Yasini. Nikajiuliza nani amefariki, labda Bibi. Nikageuka kutazama dirisha, dirisha halipo. Lile dirisha ninalolala nalo kushoto tangu utotoni lilikuwa miguuni kwangu.

Walikuwa wamekigeuza kitanda. Wamenielekeza kibla, nikiwa usingizini, kama anavyoelekezwa mtu anayekata roho.

Mnisikilize vizuri hapa. Sina ugomvi na Yasini, naisoma mwenyewe kila usiku wa Ijumaa. Ugomvi wangu ni na watu.

"Nani kafa?" nikauliza.

Kisomo kikakatika. Shangazi akanisogelea, macho yamejaa machozi, akanishika kiganja. "Tulia, mwanangu. Tamka shahada polepole."

"Nimeuliza nani kafa, Shangazi!"

"Hakuna aliyekufa, usijichoshe."

"Basi kitanda changu kimegeuzwa kwa nini?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga mdomoni. Shangazi akasema, kwa ile sauti yake ya msibani, "Tumekaa tukaona tukuonee huruma. Ile dripu ya keshokutwa tumeiacha, nimeshawapigia simu. Dawa ile inakumaliza, Mwanaidi. Pumzika."

Nikajipapasa. Sijui nilikuwa natafuta nini, nilijipapasa mgongoni kama mwendawazimu. Halafu nikaanza. Yote niliyoyameza tangu masika yakatoka siku ile mbele ya wanawake wa mtaa mzima. Nikawaambia daktari kasema sita, siyo nne. Nikawaambia huruma yao inaniua kabla ya tezi. Nikamtaja mmoja mmoja na maiti wake aliyenisimulia. Nikamwambia Mama, "Na wewe ukakubali!" Sauti yangu ilikuwa imekauka, midomo inachanika, damu natema kwenye shuka, na sikunyamaza.

Shangazi akasimama, naye damu imempanda. "Hebu usitutukane! Mwenyewe si umejiandaa? Mwezi mzima unasoma kitabu, unalia, unasoma. Bibi yako ni shahidi!" Akanyoosha mkono juu ya kabati, akateremsha kanga, akaifungua mbele ya watu, akafunua kitabu apate kuwaonyesha.

Akatokea Mokubei. Nguo kaipandisha mapajani, kandambili mkononi, anaufokea mlima, pua imejaa ukurasa.

"Astaghfirullah," akasema Shangazi.

Mama mmoja akachungulia begani kwake. "Huyu nani, mbona mapaja nje?"

"Nini? Mnaona nini?" Bibi akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Katuni, Mama!" Shangazi karibu alie. "Ni katuni! Umekuwa ukibusu katuni! Na umeiweka na msahafu!"

Kuna mtu chini ya ushungi wake alishindwa kujizuia, akacheka puani. Mimi nilimtazama Bibi tu, maana kama kuna mtu ambaye sikutaka aaibike mbele ya watu, ni yule. Aligeuza uso upande wangu.

"Katuni ya nini?" akaniuliza mimi, siyo Shangazi.

"Ya mzee, Bibi. Anabeba chumvi. Anaipeleka mlimani."

"Anaibeba na nini?"

"Mgongoni, Bibi. Kwa kamba."

"Mvua inamnyeshea?"

"Theluji. Inalowa."

"Hm," akasema. Bibi yangu ni wa Mtang'ata. Kabla hajaolewa alikuwa akikomba chumvi kwenye mashamba ya kule ufukoni na kuibeba kichwani, nasi sote tunajua hadithi hiyo maana kovu la ngata, ile kata ya kubebea mzigo, analo utosini mpaka leo. "Ikilowa inakula ngozi. Halafu inazidi uzito. Analalamika?"

"Anatukana njia nzima, Bibi."

"Hajafika?"

"Bado."

"Lakini anakwenda."

"Anakwenda."

Bibi akashika fimbo yake akasimama. "Saumu," akasema, "rudisha kitanda cha mtoto kilipokuwa. Na keshokutwa wewe ndiye utakayempeleka hospitali. Wewe uliyeizuia ndiye utakayeirudisha."

Hakuna aliyebisha. Wanawake walewale waliokuja kunisomea wakashika kitanda, huku watatu na huku watatu, nikiwa juu yake, wakanigeuza nikaliona dirisha langu.

Mama alikuja baadaye kunibadilisha shuka. Akasema hakuwa na nguvu za kuniona natapika tena, kila nikirudi nimepungua, akaona afadhali nibaki nyumbani, nimfie mikononi. Nilimwelewa, na sikumsamehe, vyote viwili kwa pamoja, siku nyingi. Kama na wewe mama yako amekufanyia hivyo, usiharakishwe na mtu kusamehe. Itakuja yenyewe. Kwangu ilikuja siku aliponiletea uji umepoa kiasi ninachokitaka bila mimi kusema.

Keshokutwa Shangazi alinipeleka, tumenuniana, nikatapika Pongwe kama kawaida yangu na yeye ndiye aliyeshika mfuko. Tulipofika tukaambiwa nafasi yangu ameshapewa mtu mwingine kwa kuwa ndugu walipiga simu kuifuta. "Mtasubiri wiki ijayo, mama. Muwe na subira." Nikaona Shangazi anavua miwani. Mwanamke huyu ambaye tangu nizaliwe sijamsikia akimaliza kikao bila kuitaja subira, aliweka mkoba wake juu ya dawati la yule nesi.

"Subira? Nimetoka Tanga na mgonjwa amelala mapajani kwangu. Nikirudi bila dripu, mama yangu ataniuliza nini? Mimi sitoki hapa. Niitie polisi, niitie mkuu wako, mimi nimekaa." Na akakaa, sakafuni, katikati ya njia, baibui limetanda. Ilipofika saa nane kiti kikapatikana. Sindano ilipoingia nikamwambia, "Ahsante, Shangazi." Akasema, "Usiongee na mimi." Lakini blanketi akanifunika.

Baina ya dripu ya tano na ya sita vuli ikaanza, na nyumbani mambo yakabadilika. Bibi alitaka asomewe. Vitabu viliondolewa kwenye msahafu, hilo alilisimamia mwenyewe, vikahamia chini ya mto wangu, na kila baada ya alasiri namtafsiria Mokubei kwa Kiswahili, picha kwa picha. Bibi anamkosoa. Kamba kaifunga vibaya, hapo angeipitisha kifuani. Matusi yake yamepoa, aongeze. Wageni wakaendelea kuja, lakini sasa wanakuja kusikiliza. Hakuna aliyenisimulia maiti tena, hawapati nafasi. "Jana mzee tumemwacha wapi?" anauliza mmoja akivua viatu.

Siku ya dripu ya sita, Eliza alikuja makusudi. Zake zilikuwa zimekwisha zamani, ana nywele fupi kama manyoya ya kifaranga, kofia ya kijani kaibeba mkononi. Alinisubiri mpaka tone la mwisho likashuka, mpaka nesi akachomoa sindano na kubandika pamba. Hapo ndipo alipokitoa kitabu cha tano kwapani.

"Haya, Mwanaidi. Sasa ona."

Nikamsomea Bibi jioni ya kesho yake, ukumbi umejaa. Mokubei anafika. Kijiji kizima kinatoka kumpokea, mzee wa kijiji anatoa hotuba ndefu juu ya subira ya mbeba chumvi, moyo wake uliotulia kama ziwa. Kurasa mbili za hotuba. Mokubei anatua mzigo, anasimama pua imevimba, na neno lake la mwisho katika vitabu vyote vitano ni kuuliza supu iko wapi. Bibi alipiga mkeka kwa kiganja akacheka mpaka tukaogopa.

Sasa ni msimu mwingine wa machungwa. Wiki iliyopita nilipewa majibu ya kipimo cha mwisho: safi. Ganzi ya vidole haijaisha yote, nasuka polepole, wateja wananivumilia na wasiovumilia waende kwingine. Nyumba ikajaa tena, baibui zilezile, na mama yule aliyeuliza habari ya mapaja akanishika mikono, akaanza, "Ama kweli, subira yako, mwanangu..."

"Subira gani?" Bibi akamkatiza kutoka kwenye kiti chake. "Huyu katukana kutoka Pongwe mpaka huko na kurudi, mara sita. Mpeni supu."